Mahari ya Povu

Ami Fumo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi usiolala tu, na Shella mtu wa ulimi husamehewa mengi mradi achekeshe. Alasiri ile alikuwa amekaa ukumbini kwake na majirani wawili, wanakunywa kahawa chungu na halua, alipomwona Raihana akipita na chupa ya samaki kifuani. Raihana alikuwa binti wa marehemu nduguye. Tangu aachane na mume wa kwanza, bwana mmoja wa mkono mwepesi, aliishi hapo kwa amiye, akishona nguo za watu chumbani mwake na kufuga samaki.

Samaki wenyewe si wa kitoweo. Ni wale wadogo wa mapambo waitwao beta, mapezi marefu kama shela ya bibi harusi, alioachiwa na Mwitaliano mmoja aliyefunga nyumba akarudi kwao. Alikuwa nao watano, wote madume, na dume la beta haliwekwi na dume mwenziwe, watauana. Kwa hiyo kila mmoja na chupa yake, na kati ya chupa na chupa kipande cha boksi ili wasionane. Kipenzi chake ndiye huyo aliyembeba, Sultani, mwekundu wa damu ya mzee. Mchana ule alikuwa amemtilia jani kavu la mti wa mkungu, maana jani hilo huwafaa samaki hawa, na maji yakageuka rangi ya chai ya turungi.

"Raihana, mwanangu," Ami Fumo akaita, "wenzio walea watoto, wewe walea vitoweo."

"Vitoweo havipigi, Ami."

Majirani wakaangua kicheko. Ami Fumo naye si mtu wa kushindwa kwa maneno. "Basi huyo ndiye mume! Mashahidi hawa hapa wawili, na wali wa kukuoza ni mimi. Taja mahari yako."

Raihana alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa na siri. Kulikuwa na Zayd, fundi wa majokofu kwenye hoteli za Bofa kule Kilifi, mtu mpole ambaye punde angekuja kuposa. Ndiyo maana mzaha wa amiye haukumchoma. Akatazama chupani. Juu ya maji Sultani alikuwa amepuliza povu, vipovu vidogo vidogo vimeshikamana, kwa kuwa dume la beta hujenga kiota cha povu kabla hata hajapata jike.

"Povu hili lanitosha," akasema. "Mwanamume aliyejenga kabla ya kuposa, niambieni, mjini hapa wako wangapi?"

"Lo! Hapo umetuweza," jirani mmoja akajipiga gotini.

Ami Fumo akaweka kikombe chini, akajikohoza, akaitoa ile sauti ya kuozeshea. "Nakuoza mwanangu Raihana, kwa mahari ya povu mliyopatana."

"Nimekubali kumuoa."

Ilikuwa sauti ya kiume, nzito, ya mtu asiye na haraka. Wanaume wakacheka hadi machozi. Jirani wa kwanza akamsifu wa pili kwa kujua kuigiza. Wa pili akasema si yeye, ni Fumo. Fumo akaapa kwamba yeye ni wali, atasemaje tena maneno ya bwana harusi? Wakalimaliza hivyo hivyo kwa kicheko, wakamiminiana kahawa nyingine. Raihana peke yake hakucheka. Sauti ile hakuisikia kwa masikio. Aliisikia kwa viganja, ikitetema ndani ya kioo alichokishika.

Asubuhi yake chupa nne zilikuwa na maiti. Samaki walielea ubavu, mapezi yamechanwachanwa, magamba yamebanduka, mmoja hana jicho. Raihana aliziinua chupa moja moja akazitazama juani. Vifuniko vilikuwa mahali pake na vipande vya boksi vimesimama kama alivyoviacha. Sultani pekee alikuwa mzima, ametanda mapezi yake yote, akizunguka chupani taratibu kama mwenye nyumba anayekagua uwanja wake.

"Labda ni maji," alisema Bi Mwanasha, mke wa Ami Fumo, alipoonyeshwa. "Maji ya bomba haya, siku hizi yana dawa mpaka chai hainyweki."

"Labda," Raihana akaitikia. Maji aliyatia ya mvua, na alijua kwamba aliyatia ya mvua.

Tangu hapo likaanza la mchana. Mwajua pwani yetu, jua likishafika utosini mji hufunga milango, wazee hulala, hata paka hatembei, na wenye hekima humwita mtoto ndani. Saa hiyo Raihana alikuwa juu ya cherehani yake aliposikia *tup*. Aliijua sauti hiyo. Beta huvuta hewa juu ya maji, na akija kuivuta midomo yake hutoa mlio mdogo, tup, usioweza kuusikia ila kama umekaa kimya. Lakini huu haukutoka chupani. Ulitoka nyuma yake, kitandani, na haukuwa mdogo. Ulikuwa mlio wa kinywa kikubwa kinachofunguka, kinachomeza hewa, kinachofumba.

Aligeuka. Kitanda kilikuwa kitupu na kimetandikwa. Alipokigusa, upande wa ukutani ulikuwa umelowa, wa baridi, na mto una bonde la kichwa. Chumba kizima kilinuka udi mzuri sana, na chini ya ule udi kulikuwa na harufu ya tope la kisima kilichoachwa.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na Zayd yuaja Ijumaa kujitambulisha? Mwanamke aliyeachika watu humtafutia kasoro hata kwenye kivuli chake. Akisemwa ana jini, posa itageukia njiani. Akabadilisha shuka, akafukiza ubani, akasoma alichokijua. Kesho yake mlio ukarudi mahali pale pale, na safari hii, alipoinua macho kwa kuogopa kutazama kitanda, aliona juu kwenye boriti, palepale juu ya mto wake, povu. Lilikuwa limejipanga vizuri, duara, kipovu kwa kipovu, kubwa kama sinia ya pilau, na katikati yake likitona tone moja moja juu ya shuka. Raihana aliyefuga beta hakuhitaji kuambiwa kile ni kitu gani, wala dume hujenga kile kwa ajili ya nani, akaketi sakafuni, akalia kwa kujiziba mdomo na kanga.

Ijumaa Zayd akaja baada ya sala, kanzu imepigwa pasi, kikapu cha matunda mkononi. Ami Fumo akampokea mlangoni kwa bashasha.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, baba. Pita ndani, pita."

Zayd akavuka kizingiti, akafungua kinywa aseme neno la pili, na neno halikutoka. Yalitoka maji. Yalimtoka puani na kinywani, maji ya rangi ya turungi, yakamiminika juu ya kanzu nyeupe, na yeye amejishika koo, macho yamemtoka, akizama kwenye hewa kavu mbele ya watu waliokuwa wakipiga kelele bila kujua wamshike wapi. Raihana ndiye aliyemvuta kwa mikono miwili mpaka nje barazani. Alipotoka tu kizingitini, maji yakakoma, akavuta pumzi.

"Ni kifua," Zayd akasema kwa aibu, akijifuta. "Sijui nimepaliwa na nini."

Katika kanzu yake iliyolowa, karibu na shingo, paliganda kipande cha jani la mkungu. Raihana alikiondoa kwa kucha kabla mtu hajakiona.

"Nenda, Zayd," alimnong'oneza. "Usije mpaka nikwambie. Nina nadhiri nimeweka, ya kufunga na kukaa peke yangu. Nisubiri."

"Nadhiri ya nini?"

"Nisubiri tu, nakuomba."

Alipoondoka, Raihana alifunga nguo zake. Kama yeye haji hapa, basi mimi nitatoka, alijiambia. Nitakwenda kwa dada yangu Kilifi, nyumba na mwenyewe wabaki na povu lao. Akapanda tuktuk hadi stendi, akakata tikiti, akakaa kitini karibu na dirisha. Gari lilipoanza kuondoka, pumzi ikamwisha. Si kwamba alibanwa. Hewa ilikuwepo, aliivuta, ikaingia, na haikumfaa kitu, na alipovuta ya pili na ya tatu alisikia midomo yake mwenyewe ikilia tup, tup, kama samaki aliyetupwa juu ya saruji, na abiria wakamtazama akipapatika na kumpigia utingo kelele asimamishe. Walimteremsha. Kila hatua ya kurudi Shella ilimpa hewa kidogo, na alipoingia chumbani mwake akapumua vizuri kabisa, kwa raha, udi umejaa chumba.

Mara ya pili hakufika stendi. Mara ya tatu hewa ilimwishia kwenye duka la jirani, akiwa na sukari mkononi. Siku aliyotoa mguu barazani tu, macho yakaingia giza, ndipo alipojua kwamba kuta zake sasa ni zile za chupa, na kwamba mwenye kuishika chupa si yeye. Akarudi ndani akamwendea Bi Mwanasha jikoni, akamwambia yote, tangu kahawa ya alasiri ile.

Bi Mwanasha aliuacha mwiko ndani ya chungu. "Yaa Rabbi. Na yule mwendawazimu akasema nakuoza? Kwa ulimi wake? Mbele ya mashahidi?"

"Tulikuwa twacheka, Bi."

"Ndoa haina kicheko, mwanangu. Ndoa wafunga kwa mzaha, nayo yafungika kwelikweli. Hata mtoto wa chuo cha Kurani ajua."

Aliletwa Mwalimu Thoya kutoka Ganda, Mgiriama aliyesilimu ujanani, mfupi, mkali wa maneno, anayejua kitabu na anayejua pia mambo ya kwao. Hakuja na ngoma wala kuku. Alikaa mbele ya chupa ya Sultani akaitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Jani hili limetoka wapi?"

"Kwenye ule mkungu wa kisima cha zamani, Mwalimu. Niliokota nikitoka kupeleka nguo."

"Saa ngapi?"

"Jua la utosi," Raihana akasema, akainamisha kichwa.

"Hala! Wamtoa jini mtini kwake saa ya usingizi wake, wamtia nyumbani kwako, kisha mwamwoza mke." Akamgeukia Ami Fumo, ambaye tangu apewe habari alikuwa amenywea kama nguo ya kuloweka. "Nawe wali, kaa hapa. Wewe ndiwe uliyemkaribisha, kinywa chako ndicho atakachokiazima. Hana kinywa chake huyu, huazima."

Alisoma. Alisoma mpaka kioo cha chupa kikatoka jasho, na udi ukapanda, na lile tope la kisima likanuka hadi Bi Mwanasha akajiziba pua, kisha kichwa cha Ami Fumo kikaanguka kifuani, na kilipoinuka macho yake hayakupepesa.

"Wataka nini kwa mke wangu?" ilisema ile sauti isiyo na haraka.

"Nataka umwache," Mwalimu alijibu, kama anayezungumza na mtu wa mtaa wa pili.

"Nilikubali, nikatoa mahari. Akitaka kujivua, anirudishie mahari yangu. Povu lile lile, kipovu kwa kipovu."

Raihana aliitazama chupa. Povu lile lilipasuka zamani. Alilipasua yeye mwenyewe kwa kidole, siku alipobadilisha maji. Lakini Mwalimu Thoya hakuonyesha kushtuka.

"Vyema, wewe ni mume," akasema. "Mume hulisha. Umemlisha nini?"

Macho ya Ami Fumo yakahamia kwenye chupa.

"Umemvika nini? Toka siku hiyo, huyu binti anakula jasho la cherehani yake. Shuka unalolilowesha kanunua nani? Mume gani wewe, wakaa kwa wakwe, hununui hata kibiriti? Hata jini ana haya. Au ukoo wenu hauna?"

Ami Fumo, au aliyekuwa ndani yake, alikunja uso kwa hasira. Maji yalianza kumtiririka kwenye pembe za kinywa. Wanaume ni wale wale, jamani, wawe wa udongo au wa moto. Waguse kwenye mfuko na mbele ya watu, uone.

"Talaka," ikasema sauti.

"Ngapi?"

"Moja."

"Sema tatu."

"Moja," ikasema, na kichwa cha Ami Fumo kikaanguka tena, na maji ya turungi yakamwagika juu ya mkeka.

Hewa ilibadilika hapo hapo. Upepo wa kweli uliingia dirishani, na Raihana akavuta pumzi iliyofika mpaka tumboni. Alitaka kupiga kigelegele, lakini Mwalimu alikuwa hajainuka.

"Swali moja, mwanangu, na usinifiche. Mlipokuwa ndani ya ndoa hii, alikuingilia? Kama hakukugusa, hapana eda, u huru tangu sasa hivi."

Raihana alikumbuka usingizi wa mchana, ule mzito usio wake, na ule ubaridi wa upande wa ukutani, na asubuhi alizoamka nywele zimelowa. Alitazama mikono yake.

"Sijui," akasema.

Bi Mwanasha alianza kulia kimyakimya. Mwalimu naye akasema kwa sauti ya upole ambayo hakuwa ameitumia tangu aingie. "Basi utakaa eda, tohara tatu, yaani utoke hedhini na kuoga mara tatu. Talaka moja ina mlango wa nyuma. Maadamu u ndani ya eda, akikwambia neno moja tu, nimekurejea, umeshakuwa mkewe tena, wala haulizwi wali wala huulizwi wewe. Na kinywa chochote cha kiume kitamfaa. Kwa hiyo mwanamume asikusemeshe. Na huyo mchumba mwambieni."

"Nitamwambia," Raihana alisema.

Sultani alirudishwa kisimani na jani lake. Chupa zote zilivunjwa. Ikaanza eda, na nyumba ya Ami Fumo, iliyokuwa na kelele kuliko soko, ikawa nyumba ya ishara. Ami Fumo hakuzungumza na Raihana kabisa; akitaka chumvi alinyoosha kidole, na akitaka kutoka alitoka tu, amefumba midomo. Mkasa wenyewe ungechekesha kama si huzuni. Bi Mwanasha ndiye aliyepokea wauza mkaa na wenye nguo zao za kushonwa, na Raihana alijifungia chumbani, hata radi ikipiga akaziba masikio, isije ikawa ile sauti. Lakini kitanda kilikuwa kikavu. Boriti ilikuwa safi. Tohara ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na siku moja alitembea mpaka ufuoni na kurudi, anapumua kama watu.

Lakini Raihana hakumwambia Zayd. Kila Zayd alipopiga simu aliikata, akamwandikia ujumbe: bado nadhiri, subiri. Mara mbili aliandika ukweli wote akaufuta. Angemwambiaje, niko eda ya jini? Nani atamwoa baada ya hapo? Bi Mwanasha alimuuliza kama amemwambia, akasema ameshamwambia, na huo ndio uongo aliokuja kuujutia.

Tohara ya tatu ilikuwa imebakiza siku moja. Kesho angeoga, na angekuwa huru. Bi Mwanasha alikwenda sokoni kununua viungo vya pilau, Ami Fumo alikuwa msikitini, na Raihana alikuwa akikunja nguo aliyoishonea siku yake mwenyewe, hariri ya kijani, akiimba kidogo. Mlango wa mbele ukasukumwa. Aliposikia hatua alidhani ni Bi Mwanasha amesahau pochi, akatoka ukumbini.

Alikuwa Zayd. Amekonda, ana ndevu za wiki, na macho ya mtu aliyesubiri hadi akachoka kusubiri. Alivuka kizingiti salama, hakukohoa, hakupaliwa, akasimama mbele yake akitabasamu. Raihana alirusha mikono mbele kumzuia, akatikisa kichwa, akaweka kidole midomoni, anyamaze, kwa ajili ya Mungu anyamaze.

"Raihana," Zayd alisema, "nimekurejea."

Kisha tabasamu lake likafifia. Aligusa midomo yake mwenyewe, akaitazama ncha ya kidole.

"Nilitaka kusema hodi," akasema kwa sauti ndogo. "Hilo neno sijui limetoka wapi."

Raihana alifungua kinywa apige ukelele wa kufika msikitini, amwite amiye, amwite Mwalimu, amwambie Zayd akimbie. Badala yake aliisikia sauti yake ikitoka, laini, ya mke mwema aliyeitwa na mumewe.

"Labeka, bwana."